Kusoma na kuandika darasa la kwanza na la pili: maswali ninayoulizwa mara kwa mara na wazazi na walimu wa Mwanza

Maswali haya nimeyakusanya getini mwa shule, kwenye vikao vya wazazi, na mengine ndani ya meli ya kwenda Nansio, ambako mzazi akishajua kwamba unafundisha darasa la kwanza hakuachii mpaka mnashuka. Nilianza kazi kisiwani, wilayani Ukerewe. Sasa nipo Ilemela. Majibu mengi yanawahusu walimu na wazazi kwa pamoja, maana mtoto ni yuleyule: asubuhi yupo kwangu, jioni yupo jikoni kwa mama yake. Palipo na maoni yangu binafsi nimesema wazi kwamba ni yangu.

Madam, mwanangu anataja a, be, che, de mpaka mwisho bila kukosea, lakini nikimwandikia "baba" ananitazama tu. Shida ni nini?

Anajua majina ya herufi, hajajua sauti zake. Chukua herufi b. Jina lake ni "be". Mtoto aliyefundishwa majina tu akikutana na "ba" anasema "be, a", na akiyaunganisha haraka anapata "bea", neno lisilokuwepo. Hapo anakwama na kuanza kukutazama usoni atafute jibu kwako. Si mzito wa kuelewa. Alichopewa hakimsaidii kusoma.

Sauti ya b ni ule mlio mfupi unaotoka midomo inapoachana, bila irabu nyuma yake. Sauti ya m ni mmm, midomo imefungwa. Sauti ya s ni sss, kama samaki anapotiwa kwenye mafuta ya moto. Majina ya herufi yana kazi yake, hasa mtoto akishaanza kutaja tahajia ya jina lake, lakini yanaweza kusubiri.

Ukitaka kumpima nyumbani, andika herufi sita kwenye kipande cha boksi, uzichanganye, kisha umwonyeshe moja moja na kumuuliza, "Hii inalia vipi?" Usimuulize "Hii ni nini?" kwa sababu atakupa jina.

Kuna walimu wanaanza na sauti, wengine wanaanza na silabi, ba be bi bo bu. Ipi ni njia sahihi?

Ubishi huu unazuka kila tunapokutana walimu wa madarasa ya chini. Mimi naona pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli.

Kiswahili kimetubeba sana. Tuna irabu tano tu, kila irabu ina sauti yake isiyogeukageuka, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilituachia tahajia inayofuata matamshi. Mtoto wa Uingereza anahangaika miaka kadhaa na maneno yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile. Mtoto wa Igogo hana mzigo huo. Akishajua sauti na akajua kuziunganisha, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Ndiyo maana silabi zina nguvu kweli katika lugha yetu, na waliotufundisha sisi kwa ba be bi bo bu hawakukosea.

Kosa linaingia mstari ule ukigeuka wimbo. Mpe mtoto "bo" iliyosimama peke yake. Akianza kunong'ona "ba, be, bi, bo" ndipo aifikie, ujue hasomi silabi, anahesabu. Huyo hata umpe mistari ishirini ya silabi, atakariri ishirini na atabaki palepale.

Kwa hiyo ninachofanya ni hiki. Naanza na sauti, naingia kwenye silabi siku ileile, na kabla ya Ijumaa mtoto awe ameshasoma neno lenye maana. Silabi naifungua na kuifunga mbele yao. "Sa" ina nini ndani yake? Ina sss na aaa. Nikitoa aaa nikaweka ooo, imekuwa nini? "So." Nikirudisha aaa na kubadili ile ya mwanzo kuwa mmm? "Ma." Mtoto anayeuweza mchezo huu ameshika shina la kusoma, hata kama bado hajui herufi nyingi.

Kabla ya hayo yote kuna kazi ya masikio, na hiyo ndiyo inayorukwa zaidi. Dakika tano bila chaki wala kitabu: "Nani ananitajia kitu cha ziwani kinachoanza na sss?" Sato. Sangara. "Na ddd?" Dagaa. "Nikisema k-u-k-u, nimesema nini?" Mtoto asiyeweza kusikia kwamba sato na sangara vinaanza sawa hataona faida ya kuwa vimeandikwa kwa herufi moja.

Nianze na herufi zipi?

Kama shule yenu ina vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, fuata mpangilio wa kitabu, usirukeruke. Mtoto anayehamia kutoka Sengerema kuja Nyamagana akute wenzake wako njia moja naye. Ikiwa huna kitabu, au unamsaidia mtoto nyumbani, mpangilio wangu ni irabu tano kwanza, kisha m, s, k, t.

Sababu ni mbili. M na s zinavutika: unaweza kusema mmmmaaa bila kukata pumzi, na mtoto anasikia jinsi sauti moja inavyoingia kwenye nyingine. K na t hazivutiki, zinapasuka na kuisha, kwa hiyo zinakuja baada ya mtoto kuelewa kuunganisha ni kitu gani. Sababu ya pili ni maneno yenyewe. Kwa herufi hizo tisa tu mtoto wa pwani ya ziwa anasoma mama, kaka, kuku, kisu, sita, sato na samaki. Anasoma hata sentensi nzima: *Kaka amekamata sato sita. Mama amekata samaki.* Hakuna herufi ya kumi humo. Nimewaona watoto wakishtuka wanapogundua kwamba sentensi hiyo ni kitu walichokiona asubuhi nyumbani kwao.

Usifundishe b na d wiki moja, wala m na n. Zitenganishe mpaka ya kwanza izoeleke.

Darasa langu zima linasoma ubaoni kwa sauti moja bila kukosea, halafu mkaguzi anasema hawajui kusoma. Inawezekanaje?

Inawezekana, na nililijua hilo kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mvulana aliyekuwa anaongoza wenzake kusoma ubao. Sauti kubwa, fimbo ya kuonyeshea mkononi, hakosei. Siku moja nilifuta mstari wa tatu ili niandike kitu kingine, naye akapita palepale palipofutwa akausoma mstari ambao haukuwepo tena. Darasa lote likamfuata. Nilisimama na dasta mkononi nikijiuliza ni watoto wangapi nilikuwa nimewaandikia kwenye taarifa kwamba wanasoma.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao siuachi: mtoto hajasoma mpaka umemsikia akisoma peke yake, neno ambalo hajalikariri. Kuitikia kwa pamoja kuna faida. Kunampa mwoga nafasi ya kujaribu bila kuonekana, na kunazoesha matamshi. Lakini hakukuonyeshi mtoto gani anajua. Watoto kumi wanaojua wanatosha kuwafunika themanini wasiojua.

Njia rahisi ya kukagua ni kubadili mpangilio. Soma nao kutoka chini kwenda juu. Onyesha neno la katikati. Andika neno jipya kwa herufi zilezile walizokwisha kujifunza: kama wanasoma "kisu", waandikie "kisima". Atakayesita kidogo akaunganisha na kulipata, huyo anasoma. Atakayesema "kisu" kwa sauti ya kujiamini anatazama umbo la mwanzo na kubahatisha.

Nina watoto zaidi ya 120 chumba kimoja. Nitamsikiliza vipi mmoja mmoja?

Mwalimu mwenzangu, hili ndilo swali zito kuliko yote, na sitakujibu kana kwamba sijui unavyofundisha. Uwiano uliowekwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kwa awali mmoja kwa 25. Taifa letu lilitamka hapa hapa kando ya ziwa, kwenye Azimio la Musoma la mwaka 1974, kwamba kila mtoto aingie shule, na elimu bila ada iliyoanza 2016 ikawaleta wengi waliokuwa wamebaki nyumbani. Ni jambo jema kabisa. Lakini mwalimu aliye mbele ya watoto 120 anahitaji hesabu, wala si pongezi.

Hesabu yangu ni sita kwa siku. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Wakati wengine wanaandika, unaita mtoto mmoja mezani, dakika moja, anakusomea maneno matano au sita, unaweka alama, anarudi. Sita kwa siku, siku ishirini za masomo, umewamaliza 120. Kwa mwezi mmoja hakuna mtoto ambaye hujamsikia. Ukipata vipindi viwili vya namna hiyo kwa siku, ni wiki mbili tu. Nina daftari la pembeni kwa kazi hii, lenye safu nne: herufi, silabi, neno, sentensi. Naweka tiki pale mtoto anapoishia, pamoja na tarehe.

Safu hizo sikuzibuni mimi. Zinafanana na ngazi zinazotumiwa na Uwezo, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kupima kama watoto wanajua kusoma. Nao waliiga mfano kutoka India, ambako shirika la Pratham lilieneza utaratibu wa kumfundisha mtoto kulingana na alipofikia, bila kujali umri wala darasa. Hiyo ndiyo hatua inayofuata. Ukishajua nani yuko wapi, mara tatu kwa wiki vunja darasa kwa makundi. Wa herufi wanakaa nje chini ya mwembe na vizibo vyao vya soda vyenye herufi, wa silabi wanapanga kadi, wa maneno na sentensi wanasomeana wawili wawili. Wewe unakaa na kundi la chini. Wengi wetu tunakaa na wale wa mbele kwa sababu wanatupa moyo, na nakiri ni vigumu kujizuia, lakini hao wanaweza kwenda dakika ishirini bila wewe.

Kuna utaratibu mwingine unaofaa darasa kubwa: mimi nafanya, tunafanya pamoja, unafanya wewe. Ugonjwa wetu ni kuishia hatua ya pili. Tunafanya pamoja, kengele inalia, tunatoka. Ile ya tatu ikate hata dakika zako za kueleza, lakini isikosekane.

Nyumbani tunaongea Kisukuma. Je, niache ili mtoto awahi kusoma Kiswahili?

Usiache. Mtoto anayeelewa hadithi ndefu ya bibi yake kwa Kisukuma ana akili iliyozoea kufuata mambo kwa mpangilio, na hiyo ndiyo atakayoitumia kuelewa habari kitabuni. Anachohitaji ni Kiswahili kiongezwe: mchezoni, dukani, redioni, na hasa kwa mwalimu anayetaja vitu vya kila siku kwa lugha zote mbili wiki za mwanzo. Nikisema "maji" na mtoto wa Kwimba akanitolea macho, nasema "minzi", nachota kwenye kikombe, tunaendelea. Sijapoteza kipindi kwa hilo. Mwenzangu aliye Ukerewe atafanya hivyohivyo kwa Kikerewe au Kijita.

Mwalimu ajue tu ni wapi lugha ya nyumbani itajitokeza kwenye daftari, asije akadhani mtoto ni mzembe. L na r ndizo za kwanza: wengi wetu huku hatuzitofautishi, na mtoto anaandika "habali" kwa sababu ndivyo anavyosema. Mpe jozi zinazobadilika maana, *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, mwache asikie kwanza, aseme, ndipo aandike. Th na dh zinageuka s na z: "selasini", "zahabu". Na m inayosimama peke yake kama silabi inaongezewa u, "mutoto", "muti". Hapo mwambie apige makofi: m-ti, mawili. M-to-to, matatu. Kofi la m peke yake analisikia mwenyewe, na u inaondoka.

Lakini Kisukuma kinatoa pia zawadi. Kuna watoto wa mijini wanaoteseka na ng' kwa muda mrefu. Wa kwetu wameitamka tangu wanajifunza kuongea, ipo kwenye ng'ombe, ipo kwenye ng'wana, ipo kwenye Ng'wanza, jina la mji huu kama Wasukuma wanavyolitamka. Darasani kwangu huwa kuna majina matatu au manne yenye ng'w. Mtoto huyo namwita mbele, tunaandika jina lake ubaoni, na siku hiyo yeye ndiye mwalimu wa sauti hiyo.

Basi ng na ng' zinafundishwaje? Na zile ch, sh, mb, nd, nyw?

Zije baada ya herufi moja moja kukaa sawa, na kila moja ifundishwe kama sauti kamili, sio kama jumla ya herufi. Ch si c na h; c kwa Kiswahili haisimami peke yake kabisa, na q na x hatuna kazi nazo. Anza na zile zinazotokea sana: sh, ch, ny, mb, nd, ng, nj, mw, kw. Za herufi tatu kama nyw na mbw ziwe za mwisho. Dh, th, gh ziende polepole, na kh ni ya maneno machache mno, usiipe wiki nzima.

Ng na ng' ziwekwe ubavu kwa ubavu: *ngoma*, *ng'ombe*. Mtoto aweke vidole puani aseme yote mawili. Kile kialama cha juu kisionekane kama pambo. Vibao vingi vya bucha mjini vimekiacha, na ninawatuma watoto wakague wakiwa njiani kurudi nyumbani. Kesho yake wananiletea orodha.

Mtoto aanze kuandika lini, na aanzie wapi?

Kuandika na kusoma viende bega kwa bega. Sauti aliyoisoma leo aiandike leo, kwa sababu mkono unasaidia jicho kukumbuka. Ila kabla ya penseli vidole vinahitaji nguvu: kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua mchele na dagaa, kuchana karatasi. Sisi tulio kando ya ziwa tuna mchanga usionunuliwa. Mtoto achore herufi kubwa mchangani kwa kidole, aifute kwa kiganja, aiandike tena mara kumi bila hofu ya kuharibu daftari. Nikiwa kisiwani nilifundisha hivyo muhula mzima wakati madaftari yalipochelewa, na mikono ya watoto wale ilikuwa mizuri kuliko ya waliofuata.

Angalia anakoanzia kuliko anakoishia. Herufi a, d na o zinaanzia juu na kuzunguka kwenda kushoto. Mtoto anayeanzia chini na kuzunguka kinyume huenda akabaki anaandika pole pole. Penseli ishikwe kwa vidole vitatu, sio kwa ngumi. Kisha mfanye aandike mawazo yake mapema. Kunakili ubaoni siku tano kwa wiki kunazaa mwandiko mzuri usio na neno la mtoto mwenyewe ndani. Imla ya maneno manne kila siku, na Ijumaa sentensi moja ya kwake: "Jana niliona nini?" Akiandika "jana nimeona bot", furahi kwanza. Amesikia sauti zote isipokuwa ya mwisho. Muulize, "Mwisho wa neno unasikia nini?" Ataimalizia i mwenyewe.

Anaandika kwa mkono wa kushoto.

Mwache. Geuza daftari kidogo kwa upande wake na umkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane na mwenzake.

Anageuza b na d. Ana ugonjwa?

Darasa la kwanza hata la pili ni kawaida kabisa. Kikombe ukikigeuza kinabaki kikombe. Herufi ndiyo kitu cha kwanza maishani mwake kinachobadilika jina kwa kugeuzwa tu. Fundisha moja mpaka ikae, ndipo ulete nyingine.

Kinachonipa wasiwasi ni mtoto aliyefundishwa kwa utulivu, akahudhuria, akafika mwisho wa darasa la pili na bado hawezi kuunganisha sauti mbili. Hapo anza na macho na masikio. Mkalishe mbele, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Akikosa kuitika mara kwa mara, mzazi ampeleke hospitali apimwe. Nimekuwa na mtoto aliyeitwa mvivu mwaka mzima, kumbe alikuwa na usaha sikioni. Macho yakiwa sawa na masikio sawa, yawezekana ana disleksia, yaani ubongo wake unapata shida kuoanisha sauti na alama ingawa akili yake ni nzima. Huyo anahitaji njia hiihii ya sauti, kwa hatua ndogo zaidi na marudio mengi zaidi. Kiboko hakimfundishi. Kwa kweli hakimfundishi mtoto yeyote kusoma. Kinamfundisha kukariri ili apone.

Anasoma haraka, lakini ukimuuliza amesoma nini hajui.

Amefika nusu ya safari. Usimrudishe nyuma kwenye silabi. Msomee wewe hadithi kwa sauti, simama katikati, umuulize, "Unadhani atafanya nini sasa?" Muulize maswali ambayo jibu halijaandikwa: kwa nini mvuvi alirudi mapema? Mtoto aliyezoea vitendawili na hadithi za jioni atajibu hayo vizuri. Aliyezoea maswali ya "nani" na "wapi" pekee atatafuta neno la kunakili.

Hatuna vitabu vya kutosha. Tutumie nini?

Vizibo vya soda: herufi moja kwa kila kizibo, na mtoto anapanga maneno sakafuni. Maboksi na mifuko ya saruji kwa kadi na chati. Tumia pia maandishi yaliyopo tayari. Mitumbwi ya Mwaloni, Kirumba, imeandikwa majina ubavuni. Daladala zina vibao: Igoma, Kisesa, Buhongwa. Mzazi uliye kituoni na mtoto, usimwambie gari la kwenu limefika. Mwache alisome.

Wakati wa giza nusu ya darasa haipo. Nifanyeje?

Kwa asiyejua, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu uvuvi hupumzika. Kwenye mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, na visiwani hilo linaonekana mpaka kwenye rejesta: wakati wa giza watoto wanasaidia kuanika asubuhi, au wanafika wakiwa wanasinzia. Nililalamika miaka miwili, mwaka wa tatu nikaanza kutazama mwezi kabla ya kuandika andalio la somo. Sauti mpya nikazipeleka wiki za mbalamwezi, marudio na usikilizaji wa mmoja mmoja nikaviweka wiki za giza. Kikao na wazazi kiliendelea, na haki ya mtoto kuwa shuleni sikuilegeza, lakini aliyekosa siku nne hakukosa sauti nne.

Mimi mwenyewe sijui kusoma. Nitamsaidiaje mwanangu?

Mama, mwambie akusomee kila jioni, dakika kumi, wewe ukiwa unamenya ndizi. Hata usipoyajua maandishi, masikio yako yanajua Kiswahili. Akisoma neno lisilokuwepo utalisikia, na utamwambia, "Hapo rudia." Akikwama, usimkaripie. Muulize habari ile inahusu nini. Msimulie hadithi ulizosimuliwa. Ukisikia anaharakisha bila kuweka kidole chini ya neno, mfunike ukurasa kwa kiganja, mwambie akuonyeshe neno moja lilipo.

Wala usidhani umechelewa wewe mwenyewe. Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na watu wazima walijifunza kwa vitabu vilivyohusu pamba, uvuvi, migomba na mifugo, yaani kazi walizozijua. Mwaka 1971 Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizolengwa kufuta ujinga wa kutokujua kusoma na kuandika. Nimekutana na mabibi kisiwani waliojifunza wakati ule, wakubwa kuliko wewe, na bado wanasoma. Mtoto akirudi na sauti mpya, jifunze pamoja naye.

Tumpeleke shule ya mchepuo wa Kiingereza ajue kusoma mapema?

Uamuzi ni wenu na mfuko wenu. Ninachokijua ni kwamba mtoto akishajua kuunganisha sauti kwa lugha anayoielewa, ujuzi huo anahama nao. Anayeanza kwa lugha asiyoielewa anabeba mizigo miwili kwa mpigo. Kama yupo tayari huko, msomesheni Kiswahili jioni.

Yupo darasa la nne na hajui kusoma. Kwenye mtihani ananakili maswali tu. Amechelewa?

Hajachelewa, ila sasa ana aibu, na aibu ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Usimrudishe darasa la kwanza akae na wadogo zake. Msikilize faraghani, ujue ameishia ngazi gani kati ya zile nne. Wengi wa umri huu wanajua irabu na herufi kadhaa, na wamekwama kwenye kuunganisha au kwenye mb, nd, ng. Anza hapohapo alipokwama, dakika ishirini baada ya masomo, na wenzake watatu au wanne walio sawa naye. Usimpe kitabu chenye picha ya mpira na paka. Mwandikie sentensi za umri wake: bei ya sato leo, jina la boti ya mjomba, matokeo ya mechi iliyochezwa Kirumba. Maneno yawe mepesi, mambo yawe ya kikubwa. Na akisoma sentensi yake ya kwanza, mwache aipeleke nyumbani kwenye karatasi hiyohiyo.